Sivii Yako Iseme Kazi Uliyoifanya



Katika vikao vyetu na vijana na akina mama wanaotafuta kazi, neno tunalolisikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Mimi sina kitu cha kuandika." Anayesema hivyo huwa ameketi mbele yetu na mikono iliyofanya kazi tangu akiwa na miaka kumi na sita. Somo la mwezi huu linahusu karatasi hiyo inayowatisha watu, yaani wasifu wa kazi, ambao wengi wetu twauita sivii. Hatuna nia ya kuwafundisha maneno makubwa. Tunataka kuonyesha jinsi mtu anavyoweza kuitoa kazi yake kichwani na kuiweka kwenye karatasi, bila uongo na bila aibu.

Mwaka 2023 alikuja ofisini kwetu mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi miaka sita katika shamba la maua huko Naivasha. Mkataba wake ulikuwa umekwisha na haukuandikwa upya. Alikuwa na deni la nyumba la miezi miwili na watoto watatu shuleni. Mkononi alikuwa na sivii aliyoandikiwa kule saiba kwa shilingi 200, na alikuwa ameipeleka mahali pengi bila kupata jibu lolote.

Tuliisoma pamoja naye. Ukurasa wa kwanza ulieleza kabila lake, dini yake, urefu wake, hali ya ndoa, na alama alizopata darasa la nane. Chini yake palikuwa na aya ya Kiingereza kigumu kuhusu kupanda ngazi katika kampuni yenye ushindani mkubwa. Tulipomwuliza maana yake alicheka, akasema anayejua ni yule kijana wa saiba. Miaka sita ya jasho ilikuwa imepewa mstari mmoja tu: "Kibarua, shamba la maua." Halafu zikafuata starehe zake: kusoma, kusafiri na kukutana na watu.

"Kusafiri wapi, mama?" tukauliza.

"Mimi hata Nakuru sijaivuka," akajibu.

Tukaiweka karatasi hiyo kando. Tukamwambia, "Hebu tusahau sivii kwanza. Ukifika kazini asubuhi, unashika nini cha kwanza?"

Hapo ndipo mama alipofunguka. Alieleza jinsi waridi linavyoletwa kutoka nyumba za plastiki likiwa ndani ya ndoo za maji, na jinsi alivyolipanga kwa urefu, sentimita 40 peke yake, 50 peke yake, 60, 70. Alieleza kwamba ua lenye ukungu hata kidogo huondolewa, kwa sababu moja likipita huharibu boksi nzima kabla ndege haijatua Uholanzi. Alijua baridi inayotakiwa katika chumba cha kuhifadhia. Alijua kwamba wiki mbili kabla ya tarehe 14 Februari hakuna kulala. Baada ya mwaka wa tatu alipewa wafanyakazi wapya awafundishe, kisha akawa anasimamia meza ya watu 12, na jioni yeye ndiye aliyeandika mafungu mangapi yamepita na mangapi yamekataliwa. Tulipokuwa karibu kumaliza, akaongeza kama jambo dogo tu kwamba wafanyakazi wenzake walimchagua katika kamati ya usalama na afya. Kamati hiyo si mchezo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inaitaka katika kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Yote haya yalikuwa yamefichwa nyuma ya neno "kibarua". Tukaandika upya sehemu hiyo ikawa hivi:

Shamba la maua, Naivasha. Machi 2017 hadi Aprili 2023. Mpangaji wa waridi, baadaye msimamizi wa meza.
– Kupanga waridi kwa urefu (sentimita 40 hadi 70) na kuondoa lenye ukungu au majani mabovu kabla ya kufungwa.
– Kufundisha wafanyakazi wapya na kusimamia meza ya watu 12.
– Kuandika kila siku idadi ya mafungu yaliyopita na yaliyokataliwa.
– Mjumbe wa kamati ya usalama na afya kwa miaka 2, kwa kuchaguliwa na wafanyakazi.

Angalia kwamba hapa hakuna neno hata moja la kujisifu. Hatukuandika "mchapa kazi hodari", wala "mwaminifu", wala "anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa". Maneno hayo kila mtu huyaandika, hata mvivu. Lakini mtu aliyekabidhiwa meza ya watu 12, pamoja na daftari la hesabu, msomaji mwenyewe ataamua kama ni mwaminifu. Kwa hiyo ukitaka kuandika sivii yako, jiulize ulifanya nini hasa, kwa kiasi gani au kwa muda gani, na ni kitu gani ulichokabidhiwa kwa sababu watu walikuamini. Swali la mwisho ndilo watu husahau. Ufunguo wa stoo ni ushahidi. Kadhalika kuachiwa mtoto mchanga.

Na hii haihusu kazi za kampuni peke yake. Msichana aliyefanya kazi ya nyumbani miaka minne huandika "house help" akanyamaza. Sisi tungemtaka aandike kwamba alitunza watoto wawili, mmoja tangu miezi mitatu. Kwamba alipewa pesa za matumizi ya wiki na kurudisha hesabu. Kwamba bibi wa nyumba hiyo alikuwa na kisukari na yeye ndiye aliyempa dawa kwa saa na kumpikia chakula kinachofaa. Akiomba kazi katika nyumba ya wazee au shule ya chekechea, hayo ndiyo yatakayosomwa. Fundi wa mjengo naye asiandike "mason" tu. Aeleze kama ni msingi, kuta, plasta au vigae, nyumba za namna gani, na kama anaweza kusoma ramani. Kijana aliyekuwa mweka hazina wa chama au wa jumuiya ndogo ndogo aandike idadi ya wanachama na muda alioshika kitabu. Kazi isiyolipwa ni kazi, mradi useme wazi kwamba ilikuwa ya kujitolea.

Kwa mafundi wa jua kali tungependa kuongeza jambo moja. Kama ulijifunza ufundi kwa kushika vyombo na si kwa kukaa darasani, unaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Huanzia Gredi ya Tatu kwenda ya Pili na ya Kwanza. Tumeona mafundi wenye ujuzi wa miaka 15 wakipitwa na vijana wa juzi kwa sababu tu kijana ana karatasi na mzee hana.

Sasa tuseme juu ya uongo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa.

Mtu akiambiwa apambe kazi yake, haraka haraka huanza kuipaka rangi. Mweka hazina wa chama cha watu 15 anajiita meneja wa fedha. Aliyepata D anaandika C. Aliyeishia kidato cha pili anaandika kwamba alimaliza. Tunaelewa uchungu unaomsukuma mtu. Sisi tumekaa na watu ambao gredi moja imewafungia milango miaka kumi. Lakini tazameni yaliyotokea. Mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya ukaguzi wa vyeti katika mashirika ya serikali, na vyeti zaidi ya 2,000 vilikutwa ni vya kughushi. Wenye vyeti hivyo walikuwa tayari wameajiriwa, wengine kwa miaka mingi, wana mikopo na watoto vyuoni. Mtu wa namna hiyo hulala na hofu kila siku, na ikigunduliwa hapotezi kazi tu, anaweza kushtakiwa na kudaiwa arudishe mshahara aliolipwa.

Basi ufanye nini na gredi mbaya? Maoni yetu ni haya. Kama tangazo linataka gredi, iandike ilivyo au usiombe kazi hiyo. Kama halitaki, andika jina la shule, mtihani na mwaka, halafu nafasi yako itumie kueleza kazi. Aliyeishia njiani aandike "kidato cha kwanza na cha pili" na miaka yake. Na miaka uliyokaa nyumbani usiifiche. Ikiwa ulimwuguza mama yako kuanzia 2020 hadi 2022, andika hivyo hivyo. Tarehe zilizoachwa wazi humfanya msomaji afikirie mabaya zaidi ya yaliyotokea.

Turudi kwa mambo ya kabila, dini na ndoa. Kwa nini bado tunayaandika? Kwa sababu mifano ya zamani iliyomo saiba inayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua mtu kwa sababu ya jinsia, ujauzito, dini, asili ya kikabila, ulemavu au virusi vya ukimwi. Kama haruhusiwi kukuhukumu kwa mambo hayo, usimpelekee wewe mwenyewe. (Tunajua mtasema jina lenyewe linataja kabila. Ni kweli. Lakini hakuna haja ya kulipigia mstari.) Picha nayo si lazima isipokuwa imetakiwa. Namba ya kitambulisho usiisambaze ovyo, ataipata akikuita.

Hapa inatubidi tukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulifanya semina ya siku moja, tukawapa vijana mfano mmoja mzuri uliopigwa chapa, tukawaambia waufuate. Waliufuata kweli! Mwezi uliofuata mkubwa wa hospitali moja alitupigia simu akiuliza kama tunafuga vijana pacha, maana alikuwa ameletewa barua saba zenye aya ileile ya mwanzo, hadi kosa la tahajia lilelile. Hakuna hata mmoja aliyeitwa. Tangu siku hiyo hatutoi mfano wa kunakili. Mfano mliousoma hapo juu ni wa yule mama, aliturusu tuutumie, na hauwezi kumfaa mtu mwingine.

Upande wa pili wa meza nao tumewahi kukaa. Mwaka 2019 ofisi yetu ilitafuta dereva, na bahasha zilizofika zilizidi mia moja. Tunasema ukweli: nyingi tulizisoma kwa muda usiofika dakika moja. Wengine waliandika kurasa tano na sisi hatukufika ya pili. Wengine hawakutaja leseni yao ni ya daraja gani, na dereva asiyetaja leseni ni kama mvuvi asiyetaja nyavu. Mmoja aliandika kwa mkono, kurasa mbili, kwamba ameendesha gari la gurudumu nne kwa miaka minane katika barabara za matope, kwamba anaweza kubadilisha breki mwenyewe, na kwamba aliwahi kupata ajali moja mwaka 2014, akaeleza kwa mistari miwili ilivyotokea. Tulimwita kwanza. Ile ajali aliyoitaja mwenyewe ndiyo iliyotufanya tuyaamini mengine yote.

Kwa hiyo kurasa mbili zinatosha, na mwenye kazi chache ukurasa mmoja. Anza na kazi ya karibuni ukirudi nyuma. Shule ya msingi haihitaji kutajwa kama una masomo ya juu yake. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi kama PDF ili maneno yasitawanyike, na ukipe kijalada hicho jina lako. Anwani ya barua pepe nayo iwe jina lako, si yale majina ya utani ya ujana. Namba ya simu iwe ile isiyozimwa. Tunamjua kijana aliyekosa kazi kwa sababu simu ilikuwa kwa fundi siku nne. Tangu hapo twashauri kuweka na namba ya pili ya mtu wa karibu, baada ya kumwarifu.

Lugha je? Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, sawa na Kiingereza, na hakuna kosa kuandika kwa Kiswahili. Ila ofisi nyingi bado zinategemea Kiingereza, na hatutaki mtu akose mkate kwa ajili ya kanuni. Ushauri wetu ni huu: iandike kwanza kwa Kiswahili au hata kwa lugha ya mama, mpaka uhakikishe kila kitu ni chako. Halafu mtafute mwalimu au mtoto aliyesoma akutafsirie kwa Kiingereza chepesi. Ukianza na Kiingereza utaandika unachoweza kukisema, si kile ulichokifanya. Na usipeleke neno ambalo huwezi kulieleza ukiulizwa kwenye mahojiano.

Tumekutana na watu wengi ambao kazi waliifanya lakini hawana ushahidi. Yule mama wa Naivasha alikuwa mmoja wao. Hakuwa amepewa karatasi yoyote alipoondoka, na alidhani barua ya namna hiyo ni zawadi ya bosi mwenye roho nzuri. Sivyo. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi anapoacha kazi, isipokuwa aliyefanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza na siku aliyomaliza, na kazi yenyewe ilikuwa nini na wapi. Mwajiri akikataa makusudi, ni kosa linaloweza kumletea faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Elewa vizuri lakini: halazimishwi kukusifu. Anachodaiwa ni kusema kwamba ulikuwepo na ulifanya kazi gani. Tulimsaidia mama kuandika barua fupi ya heshima iliyotaja kifungu hicho, akaipeleka mwenyewe getini na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Cheti kilitoka baada ya siku tisa. Haki hii ni ya kila mfanyakazi, hata wa nyumbani.

Vivyo hivyo cheti cha shule. Wako watu wazima ambao vyeti vyao vya kidato cha nne bado vimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu kwa sababu ya karo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inakataza kuzuia cheti cha mtahiniwa. Deni la karo linabaki kuwa deni, na ni vema kwenda na mpango wa kulilipa kidogo kidogo, lakini cheti si rehani. Ukikataliwa nenda kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Juu ya warejelewa, yaani watu watakaoulizwa habari zako, tuseme machache. Waombe ruhusa kwanza, kila mara. Padre wetu huwa anapigiwa simu na makampuni kuhusu watu asiowakumbuka hata sura, na yeye si mtu wa kudanganya. Afadhali msimamizi wako wa zamani aliyekuona ukifanya kazi kuliko mheshimiwa asiyekujua. Mpe nakala ya sivii yako ili asishangae akiulizwa.

Mwisho kuhusu pesa. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kukudai vyeti vya uadilifu, kama vile cha polisi au vya kodi na mikopo, kabla hajakusudia kukupa mkataba. Basi usikope pesa kuvitafuta kwa kila tangazo unaloliona. Na anayekuambia utume kitu kidogo kwa simu ili sivii yako iwekwe juu ya rundo, huyo anakula jasho la maskini. Mwache.

Yule mama aliitwa mahali pawili. Pa kwanza walimchukua mwingine. Pa pili, penye kupakia maparachichi, alianza kama mpangaji wa kawaida kwa mkataba wa miezi mitatu, ambao umeandikwa upya zaidi ya mara moja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mkae wawili wawili. Mmoja amwulize mwenzake: "Ukifika kazini, unashika nini cha kwanza?" Anayeuliza ndiye aandike, si anayejibu. Kisha mbadilishane.

2. Ni nani katika kikundi chenu aliyeacha kazi bila kupewa cheti cha utumishi? Mwandikieni barua hiyo pamoja leo kabla hamjaachana.

3. Kila mtu alete sivii yake ya zamani. Msome kwa sauti, na mkifika neno ambalo mwenyewe hawezi kulieleza, lipigeni kalamu.

4. Je, kuna kazi unayoifanya kila siku nyumbani, kwenye chama au kanisani, ambayo hujawahi kuihesabu kuwa kazi?